Barua kwa Fundi: Katoni Ilifika Nzima, Redio Ilifika Vipande Saba

Barua nyingi zilizoletwa mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni vyombo vya kale vilivyodumu miaka sitini au sabini katika nyumba za watu, kisha vikaharibika kwa safari ya usiku mmoja. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu kosa lililoiharibu redio ya mwandishi wake ndilo lililoharibu sehemu kubwa ya vyombo ninavyoletewa karakanani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, vikiwa bado ndani ya maboksi yake.

Swali: Kwako Bwana Fundi, baada ya salamu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitano. Mwezi uliopita nilinunua redio ya valvu ya Philips, yenye boksi la bakelaiti la rangi ya kahawia, kutoka kwa muuzaji wa Nairobi, kwa kuwa ilifanana mno na ile ambayo marehemu baba alikuwa akiisikilizia Sauti ya Mvita tulipokuwa wadogo. Muuzaji aliizungushia magazeti, akaitia katika katoni, akaandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba ndani mna kitu cha kuvunjika, kisha akaipeleka ofisi ya mizigo ya basi. Nilipoichukua Mwembe Tayari asubuhi, katoni haikuwa na kasoro yoyote; haikubonyea, haikulowa, wala utepe wake haukuguswa. Nyumbani nikaifungua, nikakuta boksi la redio limekuwa vipande saba, kioo cha namba za stesheni kimepasuka, valvu mbili (zile taa za kioo za ndani) zimevunjika na karatasi ya spika imechanika. Muuzaji anasema waliokosea ni watu wa basi. Watu wa basi wananionyesha katoni isiyo na alama, pamoja na maneno ya risiti kwamba mzigo husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Nimeambatisha picha. Ni nani aliyekosea, redio itatengenezeka, na haki yangu niidai wapi? — Msomaji wa Kisauni

Jibu: Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa yaliyokufika. Picha zako zimenisaidia kuliko maneno ya pande zote mbili. Katika ile ya tatu, iliyopigwa redio ikiwa imepinduliwa, ufa mkubwa hauanzii kwenye kona wala ubavuni, mahali ambapo ungeanzia kama boksi lingegongwa kwa nje. Unaanzia kwenye tundu la skrubu lililo chini upande wa kulia, ambapo bakelaiti imemeguka kwa umbo la mwezi mwandamo, kisha unapanda hadi kwenye dirisha la kioo. Skrubu ile ni miongoni mwa nne zinazoishikilia chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba vyombo vya ndani, na upande huohuo wa kulia ndiko iliko transfoma yake nzito. Redio yako, kwa hiyo, haikuvunjwa na kitu cha nje. Imevunjwa na uzito wake yenyewe.

Naomba nilieleze hili vizuri, maana wauzaji wengi wa vyombo vya kale hawalijui. Mzigo ukimponyoka hamali kutoka kimo cha mita moja, hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Mwendo huo hauna dawa, na kinachobaki mikononi mwa mfungashaji ni kuamua mzigo utapewa nafasi kiasi gani ya kusimama. Ukisimama ndani ya milimita 5, transfoma ya kilo 2 huzivuta skrubu zake kwa nguvu ambayo kwa wastani ni sawa na uzito wa kilo 400. Ukisimama ndani ya sentimita 5, nguvu hiyo hushuka hadi kama kilo 40. Magazeti yaliyofinyangwa huonekana mengi na mapana siku ya kufungasha, lakini baada ya saa nane au tisa za mtikisiko wa barabarani hugandamana yakawa kama ubao mwembamba, na redio ikabaki inacheza katikati ya nafasi tupu. Katoni nayo, kwa kuwa ni nyepesi na inanesa, huanguka, hurudi katika umbo lake na haionyeshi kitu. Ndiyo sababu watu wa basi wanakuonyesha katoni nzima kwa ujasiri, ingawa uzima wake hauthibitishi kwamba haikuanguka.

Bakelaiti haisamehe jambo hilo. Ni plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kikamilifu na binadamu. Aliyeivumbua mwaka 1907 ni Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Ikishaiva katika kalibu yake haiyeyuki tena kwa moto wowote, wala haipindi kama plastiki za leo. Inapozidiwa hupasuka tu, na umri huizidishia wepesi wa kupasuka.

Kauli yangu, basi, ni kwamba kosa kubwa ni la muuzaji, hata kama ni kweli kwamba katoni iliangushwa. Mizigo ya basi huangushwa, hurundikiwa magunia na hulazwa ubavu. Anayefungasha huku akitegemea maneno ya wino mwekundu amemkabidhi kazi yake mtu asiyemjua, tena wa zamu ya usiku. Watu wa basi hawakosi lao, lakini kwa ufungaji ule redio ingeweza kuvunjika hata kwa tuta moja kubwa la barabarani.

Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa huhesabu kwamba, pasipo mapatano mengine, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, ni kama amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Muuzaji wako huenda akakueleza sehemu hiyo akanyamaza. Sheria hiyohiyo inamtaka afanye na msafirishaji mapatano yanayofaa kwa kuzingatia aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo bidhaa ikaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuihesabu kuwa amekabidhiwa. Mwandikie muuzaji kwanza, kwa maandishi yenye tarehe, ukiambatisha picha hizi, na nakala umpelekee msafirishaji. Wasipokujibu, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Maneno ya risiti yasikukatishe tamaa kabla hakimu hajayasoma. La muhimu zaidi ni kwamba usitupe kitu: weka katoni, magazeti, utepe na risiti pamoja na redio, kwa sababu magazeti yale yaliyogandamana ndiyo shahidi wako mkuu.

Kuhusu matengenezo, redio italia tena, ila haitarudi kuwa kitu cha thamani ileile mbele ya wakusanyaji. Kusanya kila kibanzi, hata kilicho kidogo kama punje ya mchele, kwa kukung'uta katoni juu ya shuka jeupe. Usizipige msasa kingo zilizovunjika, kwa maana umbo lake la ukwaru ndilo linaloonyesha kipande kipi kinakaa wapi. Usikimbilie gundi ya kukauka papo hapo pia. Ukikosea kwa nywele moja kwenye kipande cha kwanza, cha saba hakitaingia. Vipangwe vyote vikavu kwanza, vishikwe kwa utepe, ndipo itumike gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua saa nyingi kukauka, ikipakwa kwa upande wa ndani. Karatasi ya spika huzibwa kwa karatasi laini na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Valvu zina namba zake, na kwa namba hizo hutafutwa nyingine.

Na tafadhali usiichomeke kwenye umeme ili kuona kama inafanya kazi. Chasisi iliyosogea inaweza kuwa imekata waya au imegusisha nyaya mbili, na kapasita za karatasi za umri ule huvujisha umeme hata kama hazijaanguka. Mimi huiwasha redio ya namna hiyo kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Kukiwa na hitilafu, balbu huwaka kwa nguvu badala ya transfoma kuungua. Zipo pia redio za zamani zisizo na transfoma kabisa, ambazo chasisi yake huungana moja kwa moja na waya wa ukutani, nazo zikipoteza boksi au vitufe vyake, anayezigusa anaweza kugusa volti 240.

Sasa niseme jinsi ilivyopasa kufungashwa, ili siku nyingine umwagize muuzaji kabla hujamtumia pesa. Kufungasha chombo cha kale kunaanzia ndani ya chombo. Kifuniko cha nyuma hufunguliwa, valvu hung'olewa moja moja kwa kushikwa kwenye kitako, na nafasi ya kila moja huchorwa kwenye karatasi. Zisipanguswe, kwa sababu namba iliyochapwa kwenye kioo hufutika kwa kidole tu, na valvu isiyo na namba ni fumbo. Kila moja huviringishwa kitambaa ikatiwa katika kiboksi chake. Vitufe vya kuzungushia vilivyochomoza mbele huvuliwa, la sivyo pigo la mbele husukuma vyuma vyake ndani hadi kuvunja kioo. Kisha chasisi: iliyo bora ni kuitoa na kuisafirisha katika boksi lake peke yake. Asiyeweza kuitoa aizibie kwa vipande vya sponji gumu kati ya transfoma na paa la redio, na pande zote mbili, hata ukiitikisa usisikie kitu. Baada ya hapo ndipo boksi la redio hufungwa kitambaa cha pamba, likatiwa katika katoni ya kwanza, na katoni hiyo ikatiwa katika ya pili iliyo kubwa zaidi, kukiwa na sentimita 5 au zaidi za sponji kila upande, juu na chini. Vipande vya godoro gumu vinafaa sana kwa kazi hii. Vya godoro laini havifai, kwa sababu uzito huvididimiza mara moja ukagusa sakafu. Nimewahi kuletewa redio iliyofungiwa kasha la mbao za inchi moja, zimepigiliwa misumari kama jeneza, bila sponji hata kidogo. Kasha lile lingeweza kubebeshwa gari, nayo redio iliyokuwamo ilikuwa unga.

Swali: Asalaam aleikum. Nataka kumpelekea dada yangu aliyeko Muscat cherehani ya mkono ya Singer ya nyanya yetu, ambayo ina nakshi za dhahabu na kifuniko chake cha mbao. Ndugu zangu wanasema cherehani ni chuma, haina haja ya mapambo, niifunge kifuniko chake niizungushie plastiki yenye viputo. Je, inatosha? — Bi. wa Makadara

Jibu: Waleikum salaam. Haitoshi, na kila sehemu ya ushauri huo ina madhara yake. Chuma cha cherehani hizi ni cha kumiminwa kalibuni, ambacho ni kigumu lakini hakipindi. Pigo moja linaweza kukata kitako au gurudumu la mkono kama kigae. Kifuniko nacho kilitengenezwa kuzuia vumbi na kubebewa hatua chache. Mwili wa cherehani, wenye uzito wa kilo zaidi ya 10, umeshikwa kwenye mbao kwa vipini viwili tu vya bawaba, na kasha likipinduliwa uwanja wa ndege, uzito wote huo hukiangukia kifuniko hicho chembamba kwa ndani.

Utenganishe mwili na mbao. Uinamishe nyuma, utaona skrubu mbili ndogo zinazobana vipini vile. Zilegeze kwa bisibisi na mwili utachomoka. Toa sindano, toa shata na bobini yake, chomoa kipini cha kusimamishia kidonge cha uzi, na ufungue mkono wa kuzungushia uende katika kifurushi chake. Mwili upakwe mafuta mepesi ya cherehani sehemu zote zilizo uchi, maana hewa ya bahari ya huku kwetu haingoji. Uufunge kwa leso kuukuu za pamba zilizofuliwa mara nyingi, na plastiki ije juu ya leso tu. Plastiki yenye viputo ikilala juu ya vanishi ya zamani kwenye joto huacha alama za duara zisizotoka, na utepe ukigusa nakshi huondoka na dhahabu yake. Sponji lijazwe zaidi kuzunguka gurudumu, ili lisiguse ukuta wowote wa boksi. Mbao na kifuniko viende katika boksi la pili, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu.

Ninasisitiza hivi kwa sababu kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichotoa cherehani nyingi za aina hii, kilifungwa mwaka 1980. Kipande kikivunjika hakiagizwi. Hutolewa kwenye cherehani nyingine iliyokufa.

Ikiwa itakwenda kwa ndege kama mzigo, tangaza thamani yake kwenye karatasi za mzigo na ulipe nyongeza itakayotakiwa, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya imo, fidia huwekewa kikomo kwa hesabu ya kilo, na mzani haujui kwamba cherehani ile ilimshonea mama yenu nguo ya harusi. Dada yako akikuta imeharibika, amwandikie msafirishaji ndani ya siku 14 tangu kuipokea. Ikienda kwa meli, muda ni mfupi zaidi: uharibifu usioonekana kwa nje hutakiwa kuripotiwa ndani ya siku 3. Mwambie asiiweke ndani ya boksi akingoja wageni wa Idi.

Swali: Fundi, nimepata friji la kale la miaka ya 1950, lile lenye mlango wa mviringo na komeo la chuma. Vijana walilileta kutoka Likoni hadi Mtwapa likiwa limelazwa kwenye pikapu. Linanguruma na kugonga ndani lakini halitoi baridi. Nini kimeharibika? — Msomaji wa Mtwapa

Jibu: Lizime sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Ndani ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, mna mafuta, na friji likilazwa mafuta hayo hutiririka kwenye mabomba yasiyo yake. Ukiliwasha upesi, kompresa huzunguka kavu au hujaribu kusukuma mafuta kama gesi. Lisimamishe wima kwa saa 24 nzima ndipo ulijaribu tena. Huo mgongano unaousikia ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Katika kompresa nyingi mota huning'inia juu ya springi, na safari ya kulala inaweza kuing'oa kwenye springi hizo. Ikiwa ndivyo, kungoja hakutasaidia, na kompresa itabidi ifunguliwe au ibadilishwe. Ukimwita fundi wa majokofu, mwambie umri wa friji mapema. Gesi ya R12 iliyokuwa ikitumika sana katika mafriji ya wakati huo iliondolewa sokoni kwa mkataba wa mwaka 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, ambao nao ni wa Montreal (mji huo una mikataba), kwa hiyo hatakuja nayo kwenye mkoba. Aseme kabla ya kuanza ni gesi gani atakayotia na vifaa gani vitabadilishwa.

Swali: Tunahama kutoka Tudor kwenda Malindi na tuna gramafoni ya babu ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na santuri kumi na nne za zamani na kibweta cha sindano zilizokwisha kutumika, ambacho mke wangu hataki kukitupa. Moja ya santuri hizo ni ya Siti binti Saad. Lori litachukua vitu vyote. Tuzipange vipi? — Msomaji wa Tudor

Jibu: Gramafoni iende na lori, santuri mchukue wenyewe. Kwa gramafoni, kitu cha kwanza ni ile sahani nzito inayozunguka. Katika nyingi huwa imekaa tu juu ya mhimili wake, na lori likiruka shimo, sahani huruka nayo ikarudi kwa kishindo juu ya mota na mbao. Inyanyue taratibu, uitoe, uifunge peke yake. Kile kichwa cha sauti kinachoshika sindano kichomolewe pia, kwa kuwa utando wake ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Springi iachwe imelegea kabisa, maana springi iliyojazwa ikifyatuka njiani huvunja meno ya gia.

Santuri za umri huo si za plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, nazo huvunjika kama sahani ya udongo. Kamwe zisilazwe moja juu ya nyingine. Zisimamishwe wima kwenye kingo zake, kila moja ndani ya bahasha yake, zikiwa zimebanana kiasi cha kutoweza kuinama, na kadibodi ngumu mwanzo na mwisho. Zisiachwe garini juani, kwa sababu joto huzipinda kabla hazijavunjika. Hiyo ya Siti, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, mimi ningeiweka mapajani mwa mtu mzima aliyekaa kiti cha mbele. Katika suala la sindano sipo upande wa mke wako: sindano ya chuma ilikusudiwa kupiga upande mmoja wa santuri kisha itupwe, na hizo zilizokwisha kutumika zitachimba mifereji ya sauti. Kibweta akihifadhi, ni kizuri, lakini kiende Malindi kikiwa kitupu.